Namna ya kuandaa jioni tatu za sinema juu ya maisha na kazi ya Denis Villeneuve mjini Lubumbashi

Mwongozo huu ni kwa walimu, wanafunzi wa chuo, viongozi wa vikundi vya vijana na mtu yeyote mwenye ukumbi au ua mpana hapa Lubumbashi, ambaye anataka kuwaeleza majirani zake maisha ya mwongozaji wa filamu, badala ya kuwaonyesha filamu na kuwaacha waende zao. Nimemchagua Denis Villeneuve, Mkanada wa Quebec ambaye lugha yake ya kuzaliwa ni Kifaransa, kwa sababu vijana wengi wa komini za Kenya, Katuba na Kampemba wamekwisha kuiona filamu yake ya Dune, mara nyingi kwenye simu, na wengi wao hudhani kwamba aliyeiongoza ni Mmarekani aliyekulia Hollywood. Mtu huyo alifanya kazi yake karibu yote kwa Kifaransa, kwa fedha za jimbo lake na nchi yake, kwa karibu miaka ishirini kabla ya kuongoza filamu ya kampuni kubwa ya Marekani, na ndani ya miaka hiyo alikaa miaka tisa bila kutoa filamu ndefu hata moja. Jioni zako zipangwe ili watazamaji wauone urefu huo wa wakati. Jioni moja haitoshi, na nne zinachosha. Kwa hiyo panga tatu, wiki moja moja, siku ileile na saa ileile.

Maisha kwanza, projekta baadaye

Kabla ya kutafuta vyombo, andika kurasa mbili za maisha yake kwa mpangilio wa miaka, na usiandike jambo lolote ambalo hujalikuta katika sehemu mbili zisizonakiliana. Kurasa hizo ndizo utakazozungumza nazo mbele ya watu, na ndizo zitakazokuokoa mzee mmoja wa safu ya mbele atakapouliza swali ambalo hukulitarajia.

Villeneuve alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1967 huko Gentilly, kijiji ambacho leo ni sehemu ya mji wa Bécancour, kwenye ukingo wa kusini wa mto Saint-Laurent, ng'ambo ya mji wa Trois-Rivières. Ni mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne, na mdogo wake Martin naye ni mwongozaji wa filamu. Kando ya kijiji hicho kulijengwa mitambo ya umeme wa nyuklia, ambayo wa mwisho wake ulizimwa mwaka 2012, na nakushauri usiiruke habari hiyo: watu waliokulia mbele ya bomba la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines na mlima wa mabaki ya madini wataelewa haraka, bila kuelezwa sana, kwa nini mtoto wa kijiji kama kile alipenda hadithi za mitambo mikubwa na dunia zisizojulikana. Akiwa kijana mdogo aliisoma riwaya ya Dune ya Frank Herbert, iliyotoka mwaka 1965, akaanza kuchora pamoja na rafiki yake picha za matukio ya filamu ambayo hakuna aliyekuwa amemwagiza kuitengeneza. Habari ya michoro hiyo iweke akiba kwa jioni ya tatu. Ukiitoa jioni ya kwanza itapotea bure.

Baada ya masomo ya sayansi alikwenda kusoma sinema katika Chuo Kikuu cha Quebec mjini Montréal. Katika msimu wa 1990 na 1991 alishiriki, kisha akashinda, shindano la televisheni ya Radio-Canada ambalo vijana walitumwa peke yao kuzunguka nchi za mbali, kila mmoja akiwa na kamera, nao wakawa wanatuma nyumbani filamu fupi moja baada ya nyingine, huku waamuzi wakizipima hadharani. Hakuwa na timu, hakuwa na mtu wa sauti, na tarehe ya kutuma haikusogezwa kwa sababu mvua imenyesha. Ukurasa huu wa maisha yake ndio wenye faida kubwa kwa vijana wa hapa, kwa hiyo usiusome tu, ufanyie kazi.

Namna ya kuufanyia kazi ni hii. Wiki moja kabla ya jioni ya kwanza, wakusanye vijana watano au sita wenye simu nzuri, uwape masharti manne: filamu isizidi dakika tatu, ipigwe katika komini moja tu, asiwepo mtu anayezungumza huku akitazama kamera, na ifike kwako kwenye flashi siku moja kabla ya onyesho, saa sita mchana, bila nyongeza ya muda. Mada uwape wewe, na iwe ndogo: kisima cha maji, fundi wa baiskeli, kituo cha taksi-basi, mama anayechoma samaki jioni. Nimeona kwamba vijana wakiachiwa uhuru wa mada huleta hadithi za majambazi na wachawi ambazo wameziona kwingine, lakini wakipewa kisima huleta kisima chenyewe, na ndani yake hutokea ugomvi, vicheko na habari za mtaa mzima. Filamu hizo zionyeshwe kabla ya jambo lingine lolote jioni ya kwanza, bila kupewa alama, ili watazamaji waingie katika kazi za Villeneuve wakiwa tayari wamefikiria ugumu wa kusema jambo kwa dakika tatu.

Baada ya shindano lile alipata nafasi katika Office national du film, taasisi ya filamu ya serikali ya Kanada iliyoanzishwa mwaka 1939, ambayo makao yake yalihamishiwa Montréal mwaka 1956. Hapo alitengeneza filamu fupi ya REW-FFWD, ya mwaka 1994, iliyopigwa Jamaika. Mwaka 1996 akawa mmoja wa waongozaji sita vijana waliogawana filamu moja, Cosmos, chini ya mtayarishaji Roger Frappier. Kila mmoja alileta kipande chake. Filamu yake ndefu ya kwanza, Un 32 août sur terre, ilitoka mwaka 1998 na kuonyeshwa katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Ya pili, Maelström, ilitoka mwaka 2000 na kupata tuzo ya Genie ya filamu bora ya Kanada. Hayo yote unaweza kuyasema kwa dakika kumi.

Miaka tisa

Kisha nyamaza kidogo, useme kwamba kati ya mwaka 2000 na mwaka 2009 mtu huyu hakutoa filamu ndefu yoyote. Alikuwa amekwisha kushinda tuzo kubwa ya nchi yake akiwa na umri wa miaka 33, na milango ilikuwa wazi, lakini hakuridhika na alichokuwa amekifanya, na alikuwa na watoto wadogo nyumbani. Alijitenga, akasoma, akalea, akatafuta jambo la kusema. Nimesikia wasimulizi wakiupita muda huo kwa sentensi moja ili wafike haraka kwenye Oscar, na naona wanafanya kosa, kwa sababu filamu mbili za kwanza na filamu zilizofuata baada ya ukimya huo haziko katika ngazi moja. Zile za kwanza ni za kijana mwenye kipaji anayependa kuonyesha kwamba ana kipaji. Za baadaye zimesahau kujionyesha.

Alirudi mwaka 2008 kwa filamu fupi, Next Floor, yenye dakika zipatazo kumi na moja, iliyopata tuzo ya filamu fupi katika Wiki ya Wahakiki huko Cannes. Watu waliovaa vizuri wameketi mezani wakila nyama bila kukoma, sakafu inavunjika chini ya uzito wao, wanaangukia ghorofa ya chini, na huko wanaendelea kula. Karibu hakuna maneno. Kama ungepata ruhusa ya kuonyesha filamu moja tu ya Villeneuve mjini Lubumbashi, ningekushauri uombe hiyo: haihitaji mkalimani, haizidi muda wa kunywa chai, na mji unaoishi juu ya mashimo ya shaba na kobalti hautakosa la kusema kuhusu walaji wasiotosheka na sakafu inayobomoka.

Filamu zipi, jioni ipi

Jioni ya kwanza: filamu za vijana wako, mazungumzo ya maisha yake hadi mwaka 2000, Next Floor, na vipande viwili vya Maelström. Sishauri Maelström nzima. Inaanza na tukio la kutoa mimba, na hata kama filamu hailifanyii mzaha, nusu ya ukumbi, hasa wale watakaokuja kutoka kwenye mkutano wa maombi, watakuwa wameondoka kabla hadithi haijaanza. Chagua vipande ambavyo samaki, akiwa juu ya gogo la kukatia, anaisimulia hadithi ya msichana aliyemgonga muuza samaki kwa gari usiku. Wahakiki wa nchi za nje huona msimulizi huyo kuwa jambo la ajabu sana. Watazamaji wetu, ambao wamelelewa na hadithi za sungura na fisi wanaosema, humpokea samaki huyo bila taabu na huanza kumwuliza maswali.

Jioni ya pili: Incendies, ya mwaka 2010, yote, bila kukata. Nitaieleza peke yake hapa chini.

Kati ya Maelström na Incendies ipo Polytechnique, ya mwaka 2009, ambayo unapaswa kuizungumzia lakini si lazima uionyeshe. Inahusu mauaji ya tarehe 6 Desemba 1989 katika shule ya uhandisi ya École Polytechnique mjini Montréal, ambapo mwanamume mwenye bunduki aliwaua wanawake kumi na wanne kwa sababu walikuwa wanawake. Villeneuve aliipiga kwa rangi nyeusi na nyeupe, na ilipata tuzo ya Genie ya filamu bora. Eleza chaguo hilo la rangi, kwa maana ni somo zuri kwa yeyote anayetaka kupiga filamu juu ya umwagaji damu: damu nyekundu inavuta macho, na macho yakishavutwa na damu, nyuso za watu hazionekani tena.

Jioni ya tatu: Arrival ya mwaka 2016 ikiwezekana yote, na kwa Dune vionjo rasmi pekee. Enemy, Prisoners, Sicario na Blade Runner 2049 zitajwe kwa miaka yake katika karatasi utakayogawa, na hazihitaji zaidi ya hapo.

Ruhusa

Kununua au kupakua filamu hakukupi haki ya kuionyesha mbele ya umma, hata kama huuzi tiketi. Kwa Incendies andika barua kwa Kifaransa kwa kampuni iliyoitayarisha, micro_scope ya Montréal, ukieleza ukumbi, idadi ya viti, tarehe, na kwamba hakuna kiingilio. Barua fupi na ya kweli husomwa, lakini barua ndefu yenye sifa nyingi huwekwa kando. Ikikuelekeza kwa msambazaji, mwandikie huyo maneno yaleyale. Kwa filamu za Office national du film anza na tovuti yao, kwa kuwa nyingi zimewekwa humo kutazamwa bure na mtu binafsi, kisha uombe ruhusa ya onyesho la umma. Anza miezi mitatu kabla. Halle de l'Étoile, yaani Taasisi ya Kifaransa ya hapa mjini, wana mazoea ya kuonyesha filamu, na hata kama hutatumia ukumbi wao ni busara kwenda kuwauliza njia wanazopitia.

Upande wa serikali, mpelekee mkuu wa komini barua ya taarifa yenye jina la kila filamu, urefu wake na umri unaoruhusiwa, na ubaki na nakala yenye muhuri. Nakala hiyo iwe mfukoni mwako usiku wa onyesho. Chifu wa mtaa naye aambiwe kwa mdomo, kwa heshima, na apewe kiti cha mbele.

Mahali, majira na umeme

Kama utaonyesha nje, fanya hivyo kati ya mwezi wa tano na mwezi wa tisa, wakati hakuna mvua na jua linatua kabla au karibu na saa kumi na mbili jioni, hivyo unaweza kuanza saa kumi na mbili na nusu na kuwarudisha watu nyumbani kabla ya saa tatu na nusu. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Lubumbashi ni kali usiku. Waambie watu mapema waje na makoti na mablanketi, la sivyo kina mama wenye watoto wataondoka katikati. Ukumbi wa shule au wa parokia ni bora kwa Incendies, kwa sababu filamu hiyo haifai kusikiwa na wapita njia.

Ukuta mweupe uliopakwa chokaa unashinda shuka lililotundikwa, kwa kuwa shuka hupepea na nyuso hupepea nalo. Projekta yenye mwanga wa lumeni 3000 inatosha kwa ua wenye giza. Usitegemee umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, peke yake, hata kama mtaa wako una sifa ya kutokatika. Jenereta ya kilowati mbili inabeba projekta, kompyuta na spika mbili bila shida, mradi iwekwe mbali, nyuma ya ukuta, na waya mrefu uufikie ukumbi. Tia kati ya jenereta na projekta kifaa cha kutuliza umeme. Sauti ni muhimu kuliko picha: watu huvumilia picha hafifu kwa saa mbili, lakini hawavumilii maneno wasiyoyasikia kwa dakika kumi. Kwa hiyo jaribu spika siku iliyotangulia, ukiketi safu ya mwisho.

Lugha

Kifaransa cha Quebec huwasumbua hata Wakongo waliosoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi, na katika Incendies Kiarabu nacho kinazungumzwa kwa sehemu kubwa. Tafuta nakala yenye maandishi ya Kifaransa yanayopita chini ya picha, halafu weka msimulizi mmoja wa Kiswahili. Msimulizi huyo asitafsiri kila neno, na asifanye vichekesho kama wafanyavyo wasimulizi wa kumbi za video. Kazi yake ni kusema sentensi moja kila mandhari inapobadilika: huyu ni nani, tuko mwaka gani, tuko nchi gani. Hadithi ya Incendies inarukaruka kati ya mama na watoto wake, kati ya zamani na sasa, na mtazamaji aliyepotea dakika ya ishirini hatarudi tena. Msimulizi aitazame filamu mara mbili kabla, akiwa na daftari, na aandike sentensi zake. Akizitunga palepale atafichua siri ya mwisho bila kukusudia.

Incendies mbele ya watu waliofukuzwa

Filamu hii imetokana na tamthilia ya Wajdi Mouawad, mwandishi aliyezaliwa Lebanon na kuishi Quebec. Mama mmoja anafariki Montréal na kuwaachia watoto wake pacha, msichana na mvulana, barua mbili: moja ya baba ambaye walidhani amekufa, nyingine ya kaka ambaye hawakujua kwamba yupo. Wanakwenda kuwatafuta katika nchi ya Mashariki ya Kati ambayo filamu haiitaji jina, na huko wanagundua kidogokidogo mama yao alipitia nini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Lubna Azabal anaigiza mama huyo. Sehemu za vita zilipigwa Jordan. Filamu ilipendekezwa kwa Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka 2011, na ingawa haikushinda, ndiyo iliyoifanya Marekani imwite mwongozaji wake.

Ndani yake kuna ubakaji, gereza, basi linalochomwa na watu wake, na mtoto anayeuawa. Usiionyeshe kwa mtu aliye chini ya miaka kumi na minane, na usilegeze sharti hilo mlangoni hata mzazi akiomba. Lakini umri si tatizo kubwa kuliko kumbukumbu. Katika mji huu kuna familia zinazokumbuka mwaka 1992 na 1993, wakati watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga na wengi wao wakapakiwa katika treni Likasi na Kolwezi. Kuna waliotoka Pweto, Mitwaba na Manono wakikimbia wenye silaha. Na kuna waliokuja kutoka Kivu. Wengine katika watu hao watakuwa wameketi mbele yako bila wewe kuwajua.

Kwa sababu hiyo, simama kabla ya filamu na useme wazi yaliyomo, bila kuficha na bila kutoa siri ya mwisho, kisha uwaambie watu kwamba kutoka nje wakati wowote si dharau kwa mtu yeyote. Acha mlango wa pembeni bila kufuli na taa ndogo juu yake. Awepo mtu mzima aliyezoea kuwasikiliza watu wenye machungu, awe muuguzi, mwanasaikolojia au mama mshauri wa parokia, aketi karibu na mlango huo, naye atambulishwe kwa jina la heshima analoitwa mtaani, kwa maana watu humfuata "Mama" wanayemjua kuliko mtaalamu wasiyemjua. Baada ya filamu usiwashe taa zote kwa mara moja, na usianze mjadala papo hapo. Toa chai, subiri robo saa, uwaache wanaotaka kwenda waende.

Mjadala ukianza, usiulize "mmeionaje?", kwani swali hilo huleta ukimya au hotuba. Uliza kuhusu uamuzi wa mwongozaji. Kwa nini hakuitaja nchi? Watu wengi watasema kwamba ni ili asiudhi upande wowote, na mwingine atasema ni ili kila mtu aweke nchi yake hapo. Kisha uliza: filamu ya namna hiyo ingepigwa hapa, mwongozaji angelitaja kabila la nani alimfanyia nani nini, au angenyamaza kama huyu? Kwa swali hilo kiongozi wa mjadala awe imara. Mtu akianza kuhukumu kabila la jirani yake, mrudishe kwenye filamu kwa upole: "Papa, tuambie kwanza yule mama angefanya nini." Hukumu za kikabila zikianza hazimaliziki usiku ule, na utakuwa umeharibu mambo zaidi ya sinema.

Swali la fedha

Jioni ya pili au ya tatu, kijana mmoja atauliza fedha zilitoka wapi, na jibu lake ndilo sehemu ya maisha ya Villeneuve ambayo wasifu mwingi huiacha. Quebec ina watu wasiofika milioni kumi, na imezungukwa na mamia ya mamilioni ya wanaozungumza Kiingereza. Soko peke yake lingekwisha kuimeza sinema yake. Kilichoiweka hai ni mashirika ya umma: Office national du film, lililowafunza vijana kazi; Téléfilm Canada, la serikali kuu; na SODEC, la serikali ya Quebec. Filamu za Villeneuve za kabla ya Hollywood zilikulia katika mazingira hayo. Eleza hilo bila kuigeuza jioni kuwa kesi dhidi ya serikali yetu, maana kesi hiyo kila mtu anaijua tayari. Lenye faida zaidi ni kuwaambia vijana kwamba Lubumbashi nayo ina mahali pa kuanzia: kuna Picha, kikundi kilichoanzisha Biennale ya Lubumbashi mwaka 2008, na kuna Baloji, aliyezaliwa mjini hapa mwaka 1978, ambaye mwaka 2023 alipata tuzo Cannes kwa filamu yake ndefu ya kwanza, Augure.

Hollywood na hesabu ya Oscar

Jioni ya tatu watu watakuja wengi zaidi, kwa ajili ya Dune. Wape kwanza Arrival. Ndani yake mtaalamu wa lugha, anayeigizwa na Amy Adams, anaitwa kuzungumza na wageni kutoka anga ambao maandishi yao ni duara za wino. Ilipigwa Quebec, na ilipendekezwa kwa Oscar nane, pamoja na ile ya mwongozaji bora. Ikapata moja, ya uhariri wa sauti, iliyochukuliwa na Sylvain Bellemare, mtu wa Quebec. Hakuna Mlubumbashi atakayeshangaa kwamba lugha inaweza kubadilisha fikra za mtu, kwani hapa watu hubadilisha lugha mara tatu kati ya sokoni na ofisini, kwa hiyo mjadala wa filamu hii huenda wenyewe.

Katika hesabu ya tuzo kuwa mwangalifu, kwa sababu hapo ndipo makosa hurudiwa zaidi. Dune ya mwaka 2021 ilipata Oscar sita, lakini Villeneuve mwenyewe hakupata hata moja. Zilikwenda kwa mpiga picha Greig Fraser, mhariri Joe Walker, mtunzi wa muziki Hans Zimmer, na kwa idara za sauti, mandhari na picha za kompyuta. Yeye alipendekezwa kama mmoja wa watayarishaji na mmoja wa waandishi wa skripti, wala si kama mwongozaji. Sehemu ya pili, ya mwaka 2024, ilipata mbili. Usiyasome majina hayo kama orodha. Mtaje Patrice Vermette, mbunifu wa mandhari kutoka Quebec, aliyekuwa naye tangu Enemy na Prisoners hadi Dune, ili watu waone kwamba mtu huyu alipovuka mpaka hakuvuka peke yake.

Hapo sasa toa ile habari ya michoro ya utotoni. Weka kwenye ukuta picha za jangwa la Wadi Rum, Jordan, ambako sehemu za Dune zilipigwa, ukumbushe kwamba nchi hiyohiyo ndiyo iliyotumika katika Incendies, kisha useme kwamba kijana wa Gentilly alichora jangwa hilo kabla hajaliona. Wape watoto karatasi na penseli waanze kuchora huku watu wazima wakiendelea kuuliza maswali.

Kazi yake bado inaendelea, kwa hiyo kwenye karatasi utakayogawa andika tarehe ya siku hiyo chini kabisa. Mwaka 2025 kampuni ya Amazon MGM ilitangaza kwamba yeye ndiye atakayeongoza filamu ijayo ya James Bond, na hakika mtu atakuuliza juu yake. Jibu kwa sentensi moja na uendelee.

Kama kikundi chako kitataka kuendelea baada ya jioni ya tatu, usikimbilie filamu nyingine ya Villeneuve. Andika barua ya kuomba Rebelle, ya mwaka 2012, ya Kim Nguyen, mwongozaji mwingine wa Quebec, aliyezaliwa Montréal. Ilipigwa nchini mwetu, Kinshasa, na mwigizaji wake mkuu, Rachel Mwanza, msichana aliyekuwa ameishi mitaani, alipewa Dubu wa Fedha wa mwigizaji bora wa kike mjini Berlin mwaka huohuo. Masharti ya Incendies yanaihusu hiyo nayo, kwa kuwa inasimulia habari za watoto askari: umri, mlango wa pembeni, chai na robo saa. Barua iondoke mapema, kwa sababu majibu huchukua wiki nyingi na mvua huanza tena mwezi wa kumi au wa kumi na moja.